Vifaa vya nyongeza vya pikipiki

'''Vifaa vya nyongeza vya pikipiki''' (katika lugha ya mitaani huitwa pia '''vikorombwezo''') ni vitu ambavyo mwenye pikipiki au dereva wake huvifunga baada ya kuinunua, pamoja na marekebisho madogo anayoyafanya ili chombo kifae kwa kazi, barabara na hali ya hewa ya mahali pake. Miongoni mwake ni ngao za kukinga injini, keria, kifuniko cha siti, taa za ziada, vioo vya pembeni, honi, matairi yenye meno makubwa na sproketi yenye meno mengi zaidi.

Nchini Tanzania pikipiki nyingi mpya hununuliwa kwa ajili ya biashara ya [[bodaboda]]. Kwa sababu hiyo vifaa hivi havihusu urembo peke yake. Kila kinachofungwa huongeza uzito, huvuta umeme au hubadilisha namna chombo kinavyosimama na kupinda kona. Madhara yake humfikia dereva, abiria wake na watembea kwa miguu.

== Historia ==

Jina bodaboda lilianza katika miaka ya 1960 kwenye mpaka wa [[Kenya]] na [[Uganda]], eneo la [[Busia]], ambako wapanda baiskeli walikuwa wakiwavusha watu na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Baiskeli hizo zilikuwa na keria ya nyuma iliyowekewa mto ili abiria aketi bila kuumia. Hivyo biashara yenyewe ilianza kwa kifaa cha nyongeza.

Kabla ya pikipiki za [[China]] na [[Uhindi]] kuenea, skuta aina ya Vespa, zilizoanza kutengenezwa na kampuni ya Piaggio ya [[Italia]] mwaka 1946, zilionekana sana [[Zanzibar]] na [[Dar es Salaam]]. Wenye skuta walizifunga keria, kioo cha mbele cha kukinga upepo na gurudumu la akiba. Katika miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu zenye injini ya cc 100 hadi 150, kama vile Bajaj Boxer na TVS za Uhindi na nyingine kadhaa za China, zilienea hadi vijijini. Pamoja nazo yalienea maduka ya vipuri na mafundi wa kando ya barabara ambao huipokea pikipiki siku ileile inapotoka dukani.

== Mfano wa Chimala ==

[[Chimala]] ni mji mdogo katika [[Wilaya ya Mbarali]], [[Mkoa wa Mbeya]], kwenye barabara kuu ya TANZAM, kilomita 78 hivi mashariki ya jiji la Mbeya. Ni mahali panapoonyesha vizuri kwa nini pikipiki moja huhitaji maandalizi ya aina zaidi ya moja, kwa kuwa dereva wa hapo huweza kukutana na barabara tatu tofauti katika siku moja.

Ya kwanza ni lami ya TANZAM, ambako pikipiki hupishana na mabasi na malori ya masafa marefu yaendayo [[Zambia]] na [[Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo]]. Ya pili ni njia za udongo za bonde la [[Usangu]], penye mashamba ya mpunga. Njia hizo hutoa vumbi jingi wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa masika. Ya tatu ni barabara ya mlimani iendayo Matamba, katika [[Wilaya ya Makete]], na [[Hifadhi ya Taifa ya Kitulo]]. Barabara hiyo hujulikana kwa jina la ''Hamsini na Saba'', kutokana na idadi ya kona zake kali. Uwanda wa Kitulo uko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko juu kuna ukungu na baridi kali, hasa kati ya Juni na Agosti.

Kifaa kinachofaa kwenye barabara moja kati ya hizo huweza kuwa hasara kwenye nyingine.

== Aina za vifaa na marekebisho ==

=== Kofia ngumu ===

Kofia ngumu, au helmeti, haifungwi kwenye pikipiki, lakini ndicho kifaa cha kwanza kununuliwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Kofia isiyofungwa mkanda chini ya kidevu huchomoka mapema wakati wa kuanguka, hivyo haimsaidii mvaaji. Kofia iliyokwisha kupigwa kwa nguvu katika ajali hubadilishwa hata kama haionyeshi ufa, maana tabaka la ndani linalopokea kishindo huwa limekwisha kubonyea.

Dereva anayebeba abiria huhitaji kofia ya pili. Nchini [[Rwanda]] dereva wa pikipiki ya kukodi hutembea na kofia ya abiria wake kama sehemu ya kawaida ya chombo.

=== Ngao ===

Ngao ni mabomba ya chuma yanayofungwa mbele, pande zote mbili za injini. Pikipiki ikilala, ngao hupokea uzito na kuzuia injini, kikanyagio na mguu wa dereva visibanwe chini. Ngao nzuri hufungwa kwa bolti kwenye sehemu zilizoandaliwa na mtengenezaji. Kuchomelea ngao kwenye fremu hudhoofisha chuma karibu na mahali palipochomelewa, na ufa huweza kuanzia hapo. Ngao pana kupita kiasi hugusa chini kwenye kona kali, jambo la hatari katika barabara kama ya Matamba.

=== Keria na siti ===

Keria ya nyuma hubeba mzigo, lakini pia huusogeza uzito nyuma ya ekseli. Mlimani uzito huo huelemea zaidi nyuma na gurudumu la mbele huwa jepesi, hivyo usukani hautii. Kwa hiyo keria fupi iliyo karibu na siti ni bora kuliko ndefu, na mzigo wa chini ni bora kuliko uliorundikwa juu.

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zimetengenezwa kubeba jumla ya kilo 130 hadi 150 hivi, dereva akiwa ndani ya hesabu hiyo. Dereva wa kilo 65 akipakia gunia la mpunga la kilo 100 hufikisha kilo 165, yaani amevuka kipimo kabla keria yenyewe haijahesabiwa. Gunia la viazi la lumbesa huzidi hapo. Keria imara haiongezi nguvu ya breki, shokapu wala matairi. Huongeza nafasi tu. Hali kadhalika siti iliyorefushwa hushawishi kupakia ''mshikaki'', yaani abiria zaidi ya mmoja.

=== Taa na umeme ===

Umeme wa pikipiki hizi ni wa volti 12 na huzalishwa na mtambo mdogo ulio ndani ya injini. Taa mbili za ziada zenye wati 18 kila moja huvuta jumla ya ampea 3. Zikiachwa zikiwaka wakati injini imezimwa, betri ya ampea-saa 5 huisha kabla ya saa mbili.

Kosa la kawaida ni kuunganisha taa za ziada kwenye waya wa taa kubwa au wa honi. Waya huo ni mwembamba. Hupata moto, ngozi yake huyeyuka na pikipiki huweza kuungua. Njia sahihi ni kuleta waya mpya kutoka kwenye betri kupitia fyuzi na rilei, ili swichi ya kwenye usukani ibebe umeme mdogo tu. Taa huelekezwa chini kidogo. Kwenye ukungu wa Kitulo mwanga uliolenga juu humrudia dereva machoni, na kwenye barabara kuu humpofusha dereva anayekuja.

Kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa usiku ni reflekta: nyekundu nyuma, nyeupe mbele, pamoja na koti linaloakisi mwanga.

=== Matairi, madigadi na breki ===

Matairi yenye meno makubwa hushika vizuri kwenye tope, lakini kwenye lami, hasa iliyolowa, sehemu inayogusa barabara ni ndogo, hivyo hushika vibaya zaidi na huisha haraka. Tairi la meno ya wastani huwafaa wanaopita kote. Upepo wa matairi hufuata kitabu cha mtengenezaji, na tairi la nyuma huongezwa upepo kunapokuwa na abiria au mzigo.

Madigadi ya mbele iliyo karibu sana na tairi hujaa tope la mashambani mpaka gurudumu likakwama. Baadhi ya mafundi huiinua kwa bolti ndefu. Kuiondoa kabisa humletea dereva tope usoni.

Breki za ngoma, ambazo ni za kawaida kwenye pikipiki hizi, hupoteza nguvu zikipata moto. Wakati wa kushuka mlima dereva hutumia gia ndogo ili injini isaidie kuzuia mwendo, na hubana breki kwa vipindi. Hakuna kikorombwezo kinachochukua nafasi ya pedi nzima za breki.

=== Sproketi, kabureta na kichujio cha hewa ===

Kwa anayepanda mlima mara kwa mara, rekebisho linalosaidia ni kuongeza meno ya sproketi ya nyuma. Kwa mfano, sproketi ya mbele ya meno 14 na ya nyuma ya meno 42 huleta uwiano wa 3. Ya nyuma ikiwa na meno 45, uwiano huwa 3.21, na nguvu ya kusukuma huongezeka kwa asilimia 7 hivi katika kila gia. Wakati wa kushuka injini nayo huzuia vizuri zaidi. Gharama yake huonekana kwenye lami: kwa mzunguko uleule wa injini uliotoa kilomita 60 kwa saa, pikipiki huenda kilomita 56, na mafuta huliwa zaidi. Cheni nayo huhitaji kurefushwa au kupimwa upya; kwa pikipiki nyingi za aina hii hupaswa kulegea milimita 20 hadi 30.

Hewa hupungua uzito kwa takribani sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kabureta iliyopimwa bondeni hutoa petroli nyingi mno mlimani, injini huwa nzito na plagi huwa nyeusi. Kutoa kichujio cha hewa ili injini "ipumue" si tiba, kwa kuwa vumbi la Usangu huingia ndani ya silinda na kusaga ringi za pistoni. Vilevile kabureta iliyopunguzwa petroli kule juu isiporudishwa, injini hupata moto kupita kiasi ikishuka bondeni.

=== Urembo ===

Stika, mapazia ya madigadi, maua ya plastiki, redio na maandishi ya methali au majina huitambulisha pikipiki kijiweni na kumvutia abiria. Havina madhara mradi visifunike taa, indiketa au namba ya usajili, na visining'inie karibu na cheni na magurudumu. Kutoboa ekzosi ili ilie kwa sauti kubwa husumbua wengine na hakuongezi nguvu yenye faida.

== Gharama na mkataba ==

Madereva wengi hupata pikipiki mpya kwa ''mkataba'': mmiliki hununua chombo, dereva hupeleka ''hesabu'' kila siku au kila wiki, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki huwa ya dereva. Mpaka siku hiyo pikipiki ni mali ya mmiliki. Vifaa vinavyofunguka kwa spana huweza kuondolewa mkataba ukivunjika. Kutoboa fremu, kukata waya au kubadilisha sproketi ni jambo linalohitaji ridhaa ya mmiliki, na huweza kuondoa dhamana ya muuzaji.

Fedha ya vifaa hutoka mfuko uleule wa hesabu, mafuta, bima na matengenezo. Kwa hiyo huwa ni busara kuandika katika mkataba nani ananunua kofia ngumu, ngao na matairi, na vitakuwa vya nani mwishoni.

== Sheria ==

Nchini Tanzania matumizi ya pikipiki barabarani husimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 (Sura ya 168). Mwaka 2010 zilitungwa kanuni za leseni ya usafirishaji kwa pikipiki na bajaji za kukodi. Tangu mwaka 2019 usafiri wa ardhini unasimamiwa na [[LATRA]], iliyochukua nafasi ya SUMATRA katika eneo hilo. Namba za pikipiki huanza kwa herufi MC. Kadi ya usajili hutolewa na [[Mamlaka ya Mapato Tanzania]]. Anayebadilisha injini au rangi anapaswa kuhakikisha kadi inalingana na chombo. Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni ya lazima.

== Mpangilio wa kufunga ==

Katika kilomita 500 za kwanza pikipiki mpya haiendeshwi kwa kasi kubwa wala kwa mzigo mzito, kisha hubadilishwa oili na kukazwa bolti. Kipindi hicho kinafaa kuijua kabla ya kubadilisha chochote. Mpangilio unaolinda uhai na fedha ni huu:

# kofia ngumu mbili, vioo vya pembeni na reflekta;
# ngao na ukaguzi wa breki, cheni na upepo wa matairi;
# matairi na sproketi, kulingana na barabara inayotumika zaidi;
# keria na taa za ziada, kwa kipimo cha uzito na umeme wa pikipiki;
# stika, redio na mapambo mengine.

Penye fedha kidogo, mapambo husubiri. Abiria anayeshuka kutoka Matamba jioni hutegemea zaidi vilivyomo katika nafasi mbili za kwanza.

== Tazama pia ==

* [[Bodaboda]]
* [[Pikipiki]]
* [[Chimala]]
* [[Hifadhi ya Taifa ya Kitulo]]
* [[Usangu]]