Kiti Kilichotoka Chumba cha Mgonjwa

Kiti kilikuwa chombo cha heshima zamani sana, kabla hakijawa chombo cha starehe. Kiti cha enzi cha Lamu na Unguja ni ushahidi ulio karibu nasi: mgongo mrefu ulionyooka, mbao nyeusi iliyotiwa nakshi ya pembe, kamba zilizosukwa kwa ustadi, na mahali pa kupumzishia miguu. Anayekalishwa humo hukaa vile kiti kinavyotaka, kwa kuwa kukaa wima mbele za watu ndiyo shughuli yenyewe. Viti vya wafalme na maaskofu wa Ulaya vilikuwa na tabia hiyohiyo. Ndiyo maana historia ya viti vinavyoinuka, vinavyolala, vinavyozunguka na kubinuka haina budi kuanza na suala la adabu kabla ya suala la ufundi: ni nani aliyeruhusiwa kwanza kukaa bila kunyooka? Ufundi haukuwa kikwazo kikubwa. Bawaba, kabari na meno ya chuma ya kufungia vilijulikana na wahunzi karne nyingi nyuma. Kilichokosekana ni ruhusa, na kwa kadiri ushahidi unavyoonyesha, ruhusa hiyo ilitolewa kwanza kwa mgonjwa. Wazee na watoto wakafuata, na mtu mzima mwenye afya akairithi mwishoni.

Mfano wa mapema ulio wazi ni wa Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, aliyefariki mwaka 1598 baada ya miaka mingi ya kuteswa na jongo, ugonjwa wa kuvimba viungo. Jehan Lhermite, mtu wa Flanders aliyetumikia katika makao ya mfalme, alituachia mchoro wa kiti alichotengenezewa mgonjwa huyo. Mgongo wake ulilala hatua kwa hatua, sehemu ya miguu iliinuka, meno ya chuma yalishikilia kila pembe iliyochaguliwa, na juu yake kuliwekwa godoro la manyoya ya farasi. Mfalme angeweza kupita humo kutoka kukaa hadi kulala bila kubebwa. Huyu ni mtawala ambaye amri zake zilifika Mexico na Manila, na bado kiti chake kilichobuniwa kwa akili zaidi hakikuwa kile alichowapokelea mabalozi. Karne iliyofuata, katika jumba la Ham House nje ya London, viliwekwa viti viwili vya kulalia ambavyo migongo yake iliteremshwa kwa vyuma. Na kile kiti chenye mbawa mbili pembeni ya kichwa, ambacho leo huuzwa kama alama ya sebule ya kitajiri, kwa muda mrefu kilikuwa kiti cha chumba cha kulala, cha wazee na wagonjwa. Huko Marekani ya enzi za ukoloni baadhi ya viti hivyo vilifichiwa chombo cha haja chini ya mto wa kukalia.

Wagonjwa wenyewe hawakungoja kuhurumiwa. Stephan Farffler, fundi saa wa eneo la Nuremberg aliyepooza miguu, alijitengenezea mwaka 1655 kiti cha magurudumu matatu alichokiendesha kwa mikono. Karne moja baadaye John Joseph Merlin, mzaliwa wa Ubelgiji ya leo aliyefanya kazi London hadi kifo chake mwaka 1803, alibuni kiti cha wagonjwa wa jongo kilichosukumwa na aliyekikalia mwenyewe kwa kuzungusha vishikio mikononi. Huyu ndiye Merlin anayekumbukwa pia kwa viatu vyake vya magurudumu, lakini kwa maoni yangu kiti kilikuwa kazi kubwa zaidi. Kiliendelea kuitwa kwa jina lake muda mrefu baada ya yeye kuzikwa.

Hapa mpinzani atanitajia Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Yeye hakuwa mgonjwa, na katika miaka ya 1770 alikuwa na kiti cha mbao kinachozunguka, ambacho hadi leo kimehifadhiwa na Jumuiya ya Falsafa ya Marekani mjini Philadelphia. Ni kweli. Ila tazama kilivyopokelewa: mahasimu wake wa kisiasa walikifanyia mzaha kwa maandishi, wakakichukua kuwa dalili ya mtu asiye na uzito wa kuongoza. Mtu mwenye afya aliyezunguka kwenye kiti chake alilipa kwa heshima yake. Charles Darwin naye aliweka miguu ya chuma yenye magurudumu kwenye kiti chake cha kusomea, ili ateleze kutoka meza moja hadi nyingine, na aliandika kwa kulaza ubao juu ya mikono ya kiti. Lakini Darwin alikuwa mtu wa maradhi yasiyokwisha, na chumba chake cha kazi hakikuwa ukumbi wa wageni. Mifano yote miwili inatoka faraghani, na ule wa kwanza unaonyesha kilichotokea faragha ilipovunjwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa daktari wa meno na kinyozi. Mwaka 1790 Josiah Flagg wa Marekani alichukua kiti cha kawaida cha mbao, akakitia egemeo la kichwa linalopanda na kushuka pamoja na mahali pa kuwekea vifaa vyake. Mwaka 1832 James Snell wa London akatengeneza kiti cha meno kinacholala. Mwaka 1877 Basil Wilkerson akaleta kile kinachoinuliwa kwa nguvu ya haidroliki, na kabla karne haijaisha vinyozi wa Marekani nao wakawa na viti vyao vya namna hiyo, vikiwemo vya Ernest Koken wa St. Louis. Mtu anaweza kusema kwamba viti hivi havikubuniwa kwa ajili ya aliyekaa, bali kwa ajili ya aliyesimama: kanyagio liko chini ya mguu wa kinyozi, na mgongo unaookolewa ni wa kinyozi. Ninakubali, na ni jambo linalohitaji kusemwa mara nyingi zaidi. Hata hivyo mteja aliyefunikwa shuka shingoni, kidevu juu na macho darini, naye ameondolewa wajibu wa kuonekana mheshimiwa kwa dakika chache. Hali yake na ya mgonjwa ni moja, tofauti ni muda tu.

Wahandisi wa Marekani wa karne ya 19 walijaribu kuuvusha ufundi huu hadi sebuleni. Mwanahistoria Siegfried Giedion, katika kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu utawala wa mashine, aliwarudishia heshima mafundi hao waliosajili hataza za viti vya kukunja, kulala na kugeuka, ambao wanahistoria wa sanaa walikuwa wamewapuuza. Kazi inayopendeza kuliko zote ni ya Thomas Warren: kiti cha chuma cha kalibu cha mwaka 1849, kilichoonyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851. Chini ya sehemu ya kukalia kuna tao za chuma zilizokutana katikati kama springi. Aliyekaa aliweza kuzunguka, kubinuka upande wowote na kusogea kwa magurudumu madogo. Ni kiti cha ofisi cha leo kwa kila hali, isipokuwa kwamba kimevishwa mapambo na matamvua hadi springi zenyewe zikafichika. Mafundi walijua kutengeneza mwendo, ila walijua pia kwamba mnunuzi angeona haya kuonekana nao. Kiti cha mgongo wa kulaza kilichotolewa na kampuni ya Mwingereza William Morris katika miaka ya 1860 kilifaulu zaidi, lakini hicho kilikuwa kiti cha mwenye nyumba jioni, mlango ukiwa umefungwa.

Ofisini nako mambo hayakuwa mepesi. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright aliwabunia makarani wa jengo la kampuni ya Johnson Wax, lililokamilika mwaka 1939 huko Racine, Wisconsin, kiti cha miguu mitatu. Aliyekaa vibaya alianguka. Inasimuliwa kwamba mwenye kampuni alimwomba mbunifu akikalie mwenyewe, naye akaanguka. Hata kama kisa hicho kimekolezwa, kiti chenyewe kinatosha kuwa ushahidi, kwa sababu kilibeba wazo lilelile la kale kwamba mwili ndio unaopaswa kujirekebisha. Wazo hilo lilivunjwa na namba kutoka mahali pengine kabisa. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa likibuni vyumba vya marubani kwa vipimo vya mtu wa wastani, hadi Gilbert Daniels alipochambua vipimo vya marubani 4,063. Alichagua vipimo 10 vya mwili na kumhesabu kuwa wa wastani yeyote aliyeangukia katikati kwa vyote. Hakupatikana hata mmoja. Taarifa yake ilitoka mwaka 1952, na viti vya ndege vikaanza kutengenezwa viweze kusogezwa. Huu ndio ushahidi pekee mkubwa ninaoujua wa vijana wenye afya tele kupewa kiti kinachobadilika bila kupitia wodini. Lakini jeshi halikufanya hivyo kwa ajili ya starehe yao. Ndege zilikuwa zikianguka.

Watoto waliingia kwenye habari hii kupitia Skandinavia. Mwaka 1972 Peter Opsvik wa Norwe alitoa kiti cha Tripp Trapp baada ya kumwona mwanawe hawezi tena kukaa kwenye kiti cha mtoto mchanga wala hajafikia cha watu wazima. Mbao ya kukalia na ya kukanyagia huchomekwa kwenye mifuo ya fremu, hivyo kiti kinakua na mtoto hadi mezani. Wakati huohuo A. C. Mandal, daktari mpasuaji wa Denmark, aliwapiga picha wanafunzi wakiwa katika mtihani akagundua kwamba walikuwa wakibinua viti vyao mbele na kukaa juu ya miguu miwili ya mbele, jambo ambalo kila mwalimu hulikemea. Mandal aliona kwamba watoto wale walikuwa wakitibu migongo yao: kiti kikiinama mbele, nyonga hufunguka na kiuno hubaki na mpindo wake wa asili. Kutokana na fikra za namna hiyo, Hans Christian Mengshoel na wenzake, Opsvik akiwemo, walibuni mwishoni mwa miaka ya 1970 viti vya kupigia magoti visivyo na mgongo.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote uko Marekani katika miaka ya 1980. Bill Stumpf na Don Chadwick, wakifanya kazi kwa kampuni ya samani ya Herman Miller, walitumwa kuchunguza namna wazee wanavyokaa. Waliwakuta kwenye makochi mazito ya kulala, saa nyingi mfululizo, juu ya sponji iliyohifadhi joto na jasho na kuchochea vidonda. Wakabuni kiti kilichoitwa Sarah, ambacho kiliweka kitambaa cha wavu mahali pa sponji nzito. Kampuni haikukitoa, kwa kuwa haikuona soko la samani za wazee. Wabunifu wakauhamishia wavu ule kwenye kiti cha ofisi, wakakitengeneza kwa saizi tatu, nacho kikazinduliwa mwaka 1994 kwa jina la Aeron. Miaka michache baadaye kilikuwa kiti cha vijana matajiri wa kampuni za intaneti, waliokinunua kama alama ya ujana na kasi.

Atakuja mpinzani wa mwisho aseme kwamba haya yote ni kuhangaika bure, kwamba kasoro ni kiti chenyewe. Hoja hiyo ina nguvu. Mwanaanthropolojia Gordon Hewes alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba sehemu kubwa ya wanadamu hupumzika kwa kuchuchumaa au kukaa chini. Watafiti wakiongozwa na David Raichlen walichapisha mwaka 2020 vipimo vya Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi: nao hupumzika takriban saa 10 kwa siku, karibu sawa na watu wa mijini, lakini kwa kuchuchumaa na kupiga magoti, hali zinazoifanya misuli ya miguu iendelee kufanya kazi. Wala sayansi ya uti wa mgongo haijatulia. Alf Nachemson wa Uswidi aliwaaminisha watu katika miaka ya 1960 kwamba kukaa kunaongeza shinikizo kwenye diski kuliko kusimama. Vipimo vya Hans-Joachim Wilke na wenzake huko Ujerumani, vya mwaka 1999, havikukubaliana naye. Hata hivyo Mhadza hajakatazwa kubadili mkao. Anachuchumaa, anapiga goti, anajinyoosha, kwa uamuzi wake, na hiyo ndiyo ruhusa ambayo mgonjwa wa jongo alihitaji meno ya chuma ili aipate.

Kwa hiyo kipimo changu cha kiti si idadi ya vishikio vyake bali ni nani aliye na haki ya kuvishika. Kwa kipimo hicho, samani iliyo nyuma zaidi katika eneo letu ni dawati la shule. Mwaka 2016, baada ya elimu bila ada kujaza madarasa ya Tanzania, nchi nzima ilihimizwa kuchangia madawati, na mikoa ikatoa taarifa za idadi iliyotengenezwa na iliyopungua. Ilikuwa kazi ya lazima, kwani mtoto aliyekuwa akiandika sakafuni alihitaji mahali pa kuandikia kabla ya nadharia yoyote ya nyonga. Lakini dawati lililoenea ni lile la watoto watatu, benchi na meza vikiwa vimeungwa kwa fremu moja ya chuma, na umbali kati yake umeamuliwa karakana. Mtoto wa Denmark aliweza walau kukibinua kiti chake mbele mwalimu akigeuka ubaoni. Wetu hawezi, labda wenzake wawili wakubali kubinuka naye, na meza ikiwafuata.