Tramu ni nini, na kwa nini watu hubishana reli inapotaka kupita mtaani kwao?

Msikilizaji wetu wa Nyashimo, Lamadi, Kiloleli na kwingineko Busega, neno "tramu" umeshalisikia kwenye taarifa za habari za miji mikubwa. Hapa kwetu hakuna tramu. Reli iliyo ndani ya mkoa wetu wa Simiyu inapita Malampaka, wilayani Maswa. Lakini ubishi unaozuka tramu inapotaka kupita mtaani ni ule ule unaozuka barabara inapopanuliwa au reli mpya inapopimwa. Wengi wetu tuna viwanja Kisesa na Misungwi, ndugu Dar es Salaam, na maduka pembeni ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Makala hii inaeleza tramu ni kitu gani, wenzetu walioijenga walipata nini na walipoteza nini, na sheria yetu inasemaje mradi unapofika kwenye kiwanja chako.

TRAMU NI NINI?

Tramu ni treni ndogo ya umeme inayobeba abiria ndani ya mji. Tofauti yake na treni ya Malampaka ni kwamba reli zake mara nyingi hulazwa barabarani, zikawa sawa na lami, kiasi kwamba mtu anavuka bila kuruka chuma. Umeme wake hutoka kwenye waya uliotandazwa juu. Husimama kila baada ya mita mia kadhaa, kama daladala, ila ina vituo maalumu na ratiba.

Faida yake kubwa ni kubeba watu wengi kwa mara moja. Tramu moja ndefu huchukua abiria zaidi ya 200, wakati haisi zetu huchukua watu wachache na hao wamebanana. Haitoi moshi barabarani, na gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hutumia nguvu kidogo kuliko tairi juu ya lami.

Udhaifu wake nao ni mkubwa. Tramu haikwepi. Gari likiharibika juu ya reli, tramu inasubiri. Inahitaji nafasi ndefu kusimama, kwa hiyo mtoto au ng'ombe akikatiza ghafla ni hatari. Njia yake haihamishiki pia. Daladala ikikosa abiria hubadilishiwa njia, lakini reli ikishalazwa mahali pasipo na abiria, hasara imelala hapo hapo pamoja nayo.

SI JAMBO GENI KWETU

Wengine hudhani reli za mtaani ni mambo ya Ulaya tu. Mombasa, kuanzia miaka ya 1890 hadi miaka ya 1920, kulikuwa na vigari vidogo juu ya reli nyembamba vilivyosukumwa na watu. Wenye vyeo walikaa juu, wasukumaji walikimbia nyuma.

Zanzibar nako, kampuni ya Kimarekani ilijenga reli kutoka mjini hadi Bububu, urefu wa maili 7 hivi. Kazi ilifanyika mwaka 1904 na 1905. Treni hiyo ilipita katika njia nyembamba za mjini, karibu sana na milango ya nyumba. Serikali iliichukua mwaka 1911, lakini magari na barabara nzuri zilipoongezeka, huduma ya abiria ilikoma katika miaka ya 1920. Funzo lake ni kwamba reli huishi pale tu inapobeba watu wanaoihitaji kila siku.

DAR ES SALAAM: RELI ILIYOKUWEPO TAYARI

Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianza treni ya abiria wa mjini. Wananchi waliiita "treni ya Mwakyembe", kwa jina la Dk. Harrison Mwakyembe aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Njia moja ilitoka Ubungo hadi Stesheni, nyingine ilitumia reli ya TAZARA. Baadaye iliongezwa treni ya Pugu.

Treni hii haikuzusha ugomvi mkubwa wa ardhi, kwa sababu ilitumia reli za zamani zilizokuwepo tayari. Lakini reli ya zamani ni njia moja tu. Treni mbili hupishana tu mahali penye njia ya kupishania, na abiria hakuchagua reli ipite wapi. Kama unaishi mbali nayo, haikusaidii.

Mwezi Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni, yakipita katika njia yake yenyewe ya zege. Mji ulichagua mabasi kwa kazi ambayo miji mingine huipa tramu, kwani basi halihitaji reli wala waya wa umeme. Hata hivyo abiria wamelalamika miaka yote kuhusu uchache wa mabasi na msongamano vituoni. Njia ya Mbagala nayo ilijengwa, kisha zege likabaki likisubiri mabasi kwa muda mrefu. Kwa hiyo kujenga njia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha chombo kinafika, kinatengenezwa na kinaendelea kutembea mwaka wa kumi.

ADDIS ABABA: TRAMU MPYA YA JIRANI

Jirani aliyejenga tramu ya kisasa ni Ethiopia. Addis Ababa ilifungua njia ya kwanza Septemba 2015, na ya pili miezi miwili baadaye. Moja inatoka kaskazini kwenda kusini, nyingine mashariki kwenda magharibi, jumla ya kilomita 34 hivi. Gharama ilikuwa dola milioni 475 za Kimarekani. Ukigawanya, kila kilomita ilikula takriban dola milioni 14. Sehemu kubwa ya fedha hizo, asilimia 85, ilikuwa mkopo kutoka benki ya Exim ya China.

Waliofaidika wapo. Mfanyakazi wa kipato cha chini alipata usafiri wa nauli ndogo asubuhi na jioni. Lakini malalamiko mawili yalibaki.

La kwanza ni la waliokaa kando ya reli. Katika sehemu nyingi njia ilizungushiwa ukuta au uzio, au ikapitishwa juu ya nguzo. Mtu aliyekuwa akivuka barabara hatua chache kwenda dukani, sasa alilazimika kuzunguka hadi kwenye kivuko. Kwa mzee, kwa mama mwenye mzigo kichwani na kwa mwenye ulemavu, huo ni mzunguko mkubwa. Mwenye duka naye akapoteza wateja wa upande wa pili.

La pili ni la vipuri. Tramu hizo zilitoka China, na vipuri vyake hununuliwa kwa fedha za kigeni. Fedha hizo zilipokuwa adimu, tramu nyingi kati ya 41 zilizonunuliwa ziliegeshwa bila kufanya kazi.

EDINBURGH: HATA WENYE UWEZO HUKWAMA

Tusidhani shida hizi ni za nchi zenye kipato kidogo tu. Mji wa Edinburgh, Uingereza, ulianza kujenga tramu mwaka 2008. Mafundi walipochimba barabara walikuta mabomba ya maji, majitaka, gesi na nyaya za zamani ambazo zilipaswa kuhamishwa kwanza. Kazi ikachelewa, mkandarasi na mji wakagombana, na tramu ikaanza kutembea Mei 2014 kwa gharama ya pauni milioni 776, kiasi kilichozidi sana bajeti ya mwanzo, huku njia ikiwa fupi kuliko iliyoahidiwa. Wenye maduka kwenye mtaa wa Leith Walk walichimbuliwa mbele ya milango yao, na reli isifike wakati huo. Ilifika mwaka 2023.

Leo abiria wa Edinburgh wanaipanda tramu hiyo na wengi wanaifurahia. Lakini duka lililofungwa mwaka 2010 kwa kukosa wateja halikufunguliwa na tramu iliyofika miaka 13 baadaye.

UBISHI WENYEWE UKO WAPI?

Ukisikiliza mikutano ya wananchi popote, hoja hujirudia.

Wanaotaka reli husema: usafiri utakuwa wa uhakika, nauli itashuka, thamani ya viwanja itapanda, vijana watapata kazi wakati wa ujenzi, na mji utapumua.

Wasioitaka husema: nyumba zetu zitabomolewa, biashara zitakufa wakati wa ujenzi, bodaboda na daladala watakosa kazi, na deni tutalipa sisi na watoto wetu.

Mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli. Tofauti ni kwamba faida huenda kwa anayepita na hasara hubaki kwa anayekaa. Abiria wa mbali anafika mapema, wakati mama lishe aliyepika miaka 15 kwenye kona ile anatakiwa kuhama. Thamani ya kiwanja ikipanda, mwenye kiwanja anacheka na mpangaji anaongezewa kodi. Ndiyo maana mkutano unaouliza tu "mnataka maendeleo, hamtaki?" hautatui chochote. Swali la kuuliza ni: nani analipa, analipa lini, na atafidiwa nini?

SHERIA YETU INASEMAJE?

Swali hilo linatuhusu moja kwa moja. Ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Mwanza, kilomita 341 ukijumlisha njia za kupishana, ulizinduliwa Misungwi Juni 2021. Reli hiyo inapita katika vijiji na mashamba ya watu kama sisi, na hapa mkoani inagusa Malampaka.

Katiba yetu, Ibara ya 24, inatambua haki ya kumiliki mali na inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Mambo yanayohesabiwa ni haya:

1. Thamani ya ardhi kwa bei ya soko.
2. Maendelezo: nyumba, kisima, uzio, miti na mazao.
3. Posho ya usumbufu.
4. Posho ya usafiri wa kuhamisha mizigo, kama unaishi hapo.
5. Posho ya makazi, yaani kodi ya nyumba kwa miezi 36.
6. Faida ya biashara iliyopotea, nayo kwa miezi 36.

Makaburi yana utaratibu wake wa kuhamishwa, na familia lazima ishirikishwe.

Baada ya Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinisha uthamini, fidia inapaswa kulipwa ndani ya miezi 6. Ikichelewa, riba inaongezeka. Ikipita miaka 2 bila kulipwa, uthamini huo unakwisha nguvu na inabidi ufanyike upya. Tarehe hizo ziandike kwenye daftari lako.

Onyo moja muhimu. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara au reli yuko katika hali tofauti. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya, Dar es Salaam, zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na serikali ilisema zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kabla ya kununua kiwanja kando ya barabara yetu kuu, usitosheke na maneno ya muuzaji na karatasi ya mashahidi wawili. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na TANROADS, uulize mpaka wa hifadhi uko wapi.

UFANYE NINI MRADI UKIFIKA KWENU?

Kwanza, hudhuria mkutano mkuu wa kijiji au mtaa. Kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria na kusema. Sema mapema, ramani ikiwa bado ni karatasi. Nguzo zikishasimama, kilichobaki ni kulalamika.

Pili, omba kuona tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini hiyo na wananchi wasikilizwe. Uliza vivuko vitakuwa wapi: vya watoto wa shule, vya mifugo kwenda kunywa maji, vya wagonjwa kwenda zahanati.

Tatu, siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hakikisha kila kitu kimeandikwa, jina lako limeandikwa sawasawa, na fomu unaisoma kabla ya kutia sahihi. Baki na nakala. Kama shamba ni la familia, mke na ndugu wajue kilichoandikwa.

Nne, tunza kumbukumbu. Mwenye duka asiye na daftari la mauzo atapata shida kuonyesha faida aliyopoteza. Mpangaji naye, ingawa hadai ardhi wala nyumba isiyo yake, ahakikishe biashara yake au mazao yake yameonekana na kuandikwa.

Tano, baada ya tarehe ya ukomo kutangazwa, usijenge kibanda wala kupanda miti ili uongeze fidia. Vitu hivyo havihesabiwi, na fedha yako itapotea.

Mwisho, uliza kuhusu mwaka wa kumi. Nani atanunua vipuri? Nauli itapangwa na nani? Umeme ukikatika itakuwaje? Maswali haya hayamfanyi mtu kuwa mpinga maendeleo. Addis Ababa imeonyesha kwamba ndiyo yanayoamua kama chombo kitatembea au kitaegeshwa.

Nyashimo inakua. Kila mwaka maduka yanaongezeka kando ya lami, na ipo siku barabara itahitaji kupanuliwa au njia nyingine itapimwa. Siku hiyo, mwenye nyaraka zake mkononi na maswali yake mdomoni atakuwa amejiweka mahali pazuri kuliko anayesubiri kuona alama nyekundu ya X ukutani.