Sauti Iliyokomaa Kifungoni

Waimbaji wetu wa Binza wenye sauti ya baritoni, iliyo kati ya tena na besi, na wamkumbuke Dietrich Fischer-Dieskau, aliyezaliwa Berlin mwaka 1925. Mwaka 1943, akiwa mwanafunzi wa uimbaji, aliitwa jeshini. Mwaka 1945 akatekwa Italia. Ndugu yake mlemavu alikufa kwa njaa chini ya utawala wa Hitler. Kambini aliwaimbia mateka wenzake. Aliporejea mwaka 1947, aliimba bila mazoezi Rekwiemu ya Brahms, yenye maneno ya Biblia ya Luther, badala ya mwimbaji aliyeugua. Mwaka 1948 akaingia jukwaa la opera Berlin, akiwa Posa katika Don Carlos ya Verdi. Karama yake haikungoja siku njema; nasi tusingoje.