Uspika wa Willie Brown katika Bunge la California, 1980–1995

Mwanasiasa akidumu bungeni miaka thelathini, aghalabu husemwa kwamba wapiga kura wake wampenda. Kauli hiyo huenda ikawa kweli, ila haitoshi. Maisha ya kisiasa ya Willie Brown yaonyesha kwamba kudumu katika kiti ni jambo moja na kudumu katika mamlaka ni jambo jingine: la kwanza huamuliwa na watu wa wilaya moja, la pili na wabunge wenyewe kwa wenyewe.

Brown alizaliwa mwaka 1934 Mineola, mji mdogo wa Texas uliotenga watu kwa rangi. Mnamo 1951 alikwenda San Francisco kwa mjomba wake, akajisomesha kwa kazi za mkono, na mwaka 1958 akahitimu katika sheria. Mwaka 1962 alishindwa kwa kura chache kuingia katika baraza la chini la bunge la jimbo. Mwaka 1964 akashinda. Baraza hilo lina wajumbe 80, na kila mmoja huchaguliwa kwa miaka miwili. Wilaya yake haikumtupa tena hadi alipoondoka mwenyewe.

Njia ya uspika haikunyoka vivyo hivyo. Mnamo 1974 alikitaka kiti hicho akashindwa na Leo McCarthy, kisha akasukumwa pembeni. Kwa hakika kipindi hicho ndicho kilichomfunza kazi. Mwaka 1980, McCarthy na Howard Berman walipokuwa wakivutana hata chama cha Democratic kikagawanyika, Brown alipita katikati yao. Alichaguliwa kwa kura 51, na kati ya hizo 28 zilikuwa za wapinzani wa chama cha Republican na 23 tu za wenzake. Mtu mweusi wa kwanza kushika uspika wa California aliufikia, basi, kwa mapatano na watu ambao kwa itikadi walikuwa mbali naye.

Mamlaka ya Spika yalikuwa mapana: yeye ndiye aliyewateua wenyeviti na wajumbe wa kamati, na yeye ndiye aliyechangisha fedha za kampeni za wenzake. Mwenye haja alisikizwa, na mwenye kuasi alijutia. Wanachama wenzake watano walipompinga mnamo 1988, walivuliwa nyadhifa zao.

Yafaa ikumbukwe kwamba mamlaka hayo hayakutumika kwa kujihifadhi tu. Maxine Waters, mshirika wake wa karibu barazani, alipigania kwa miaka mingi sheria ya kuondoa fedha za pensheni za jimbo katika kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini. Gavana George Deukmejian aliukataa mswada wa namna hiyo mwaka 1985. Mwaka 1986 akageuka, akatia sahihi. Mwaka huo huo bodi ya Chuo Kikuu cha California, ambayo Spika ni mjumbe wake kwa wadhifa, ilikata shauri kuuza hisa zake za dola bilioni tatu hivi. Nelson Mandela alipofika Oakland mnamo Juni 1990, aliwashukuru watu wa huko kwa msaada wao.

Mwaka huo huo, mwezi Novemba, wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo 140 kwa asilimia 52 hivi. Mjumbe wa baraza la chini aliwekewa kikomo cha miaka sita maishani, seneta miaka minane. Watetezi wa pendekezo hilo walimtaja Brown bila kuficha. Hapa ndipo penye kiini cha jambo: mkulima wa bonde la kati hakuwa na kura ya kumwondoa mjumbe wa San Francisco, ilhali mjumbe huyo ndiye aliyeshika funguo za sheria zilizomhusu. Hakubakiwa na njia ila kubadili katiba. Na alipoibadili, aliwaondoa hata waliokuwa wamemwakilisha yeye mwenyewe vyema.

Hata hivyo Brown hakuondoka mara moja. Uchaguzi wa 1994 uliwapa Warepublican viti 41. Mmoja wao, Paul Horcher, alimpigia Brown, na kura zikawa 40 kwa 40. Januari 1995 baraza lilimzuia kupiga kura Richard Mountjoy, Mrepublican aliyekuwa amechaguliwa pia kuwa seneta, na Brown akapita kwa 40 dhidi ya 39. Wakosoaji waliuita ujanja, na ujanja ulikuwa. Lakini ulipita ndani ya kanuni alizozijua kuliko wote. Horcher aliondolewa na wapiga kura wake Mei 1995. Mwezi uliofuata Brown aliacha kiti, akamwachia Doris Allen, Mrepublican aliyechaguliwa kwa kura za Wademocrat na ya kwake mwenyewe.

Brown alichaguliwa meya wa San Francisco mwishoni mwa 1995, akatumikia hadi Januari 2004. Mwaka 2012 wapiga kura waliilegeza sheria: tangu hapo mbunge mpya aweza kukaa miaka 12, yote katika baraza moja akipenda.