Herufi Mlangoni: Kasongo, Kabambare na Historia ya Seva ya Apache

Makala haya yanakusudia kuweka pamoja mambo mawili ambayo kwa kawaida husomwa mbalimbali: historia ya maandishi yatokanayo na Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, na historia ya programu ya kompyuta ihudumiayo kurasa za intaneti. Hoja yetu ni kwamba andishi linapovushwa kutoka mfumo mmoja wa herufi hadi mwingine, hapana budi kuuliza kama njia ya kurudi ipo.

Tuanze na kompyuta. Programu ya Apache, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1995, ilienezwa ikiwa matini-chanzo. Mwenye mashine aliikompaili, yaani aliigeuza kuwa lugha ya mashine yake. Mifumo mingi ya jamii ya Unix ilitumia orodha ya herufi iitwayo ASCII. Toleo la 1.3, la mwaka 1998, lilikuwa la kwanza kupelekwa kwenye BS2000/OSD, mfumo wa kompyuta kubwa za Siemens. Mfumo huo una sehemu iliyofuata kanuni za Unix, lakini orodha yake ya herufi ni EBCDIC. Katika ASCII, herufi K ya Kasongo ni namba 75. Katika EBCDIC ni 210, na 75 ni nukta. Tena, baina ya I na J mna pengo la namba. Kwa hiyo ilibidi seva igeuze kila andishi mlangoni, na papo hapo iziache picha zipite bila kuguswa, maana picha ikigeuzwa huharibika. Kazi hiyo, pamoja na ugumu wake, ilikuwa na wepesi mmoja: kila herufi ilikuwa na mwenzake, na kilichogeuzwa kiliweza kurudishwa kama kilivyokuwa.

Maandishi ya Kasongo hayakuwa na wepesi huo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Heinrich Brode aliyanukuu kwa herufi za Kirumi, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Katika uandishi wa zamani alama moja ilisimama badala ya i na e, na nyingine badala ya u na o. Choma na chuma viliweza kuandikwa sawasawa. Mnukuzi alilazimika kuamua, na uamuzi wake haurudi nyuma. Msomaji wa chapa hiyo peke yake hawezi kujua mwandishi aliendeleza vipi majina ya watu na miji ya Maniema, wala kama matamshi ya bara yaliacha athari katika tahajia yake.

Kabambare yatupa mfano wa pili. Hapo, mahali alipopaita Bambarre, David Livingstone alimwandikia rafiki yake Horace Waller barua kwa Kiingereza mnamo Februari 1871. Wino ulififia hata barua ikawa haisomeki. Mwaka 2010 wataalamu waliisoma kwa kuipiga picha chini ya mianga ya namna mbalimbali, wakaiweka kwenye intaneti. Kama ingalibaki nakala iliyobahatishwa na msomaji wa awali, bila karatasi yenyewe, kazi hiyo isingaliwezekana.

Kiswahili cha herufi za Kirumi kina bahati: herufi zake zote, pamoja na king'ong'o cha ng', zimo katika ASCII, hivyo hupita kila mlango kwa salama. Bahati hiyo isitusahaulishe herufi za Kiarabu, ambazo zimekuwamo katika orodha ya Unicode tangu mwaka 1991. Yeyote atakayehifadhi maandishi ya kale ya Maniema katika kompyuta yampasa kuweka picha ya karatasi, kisha herufi kama zilivyoandikwa, kisha unukuzi wa Kirumi. Unukuzi ni rai ya msomaji mmoja. Ukiwekwa peke yake, watu wa Kasongo na Kabambare watarithi rai hiyo na kuikosa kauli yenyewe.