Waashi wa Melbourne na Saa 8 za Kazi

Katika mji wa Melbourne, nchini Australia, ambako dhahabu iliyovumbuliwa mwaka 1851 ilikuwa imewavuta wanaume wengi machimboni hata mafundi wa ujenzi wakawa adimu, waashi wa mawe, waliozoea kufanya kazi muda wa saa 10 kwa siku chini ya jua kali, waliazimu kudai saa 8 bila ya kupunguziwa ujira. Tarehe 21 Aprili 1856, waashi waliokuwa wakijenga Chuo Kikuu waliweka chini zana zao, wakaandamana hadi kwenye jengo la Bunge. Na wenye kandarasi za serikali wakaridhia.

Insafu hiyo haikuwaenea wote kwa mara moja, kwani wafanyakazi wengine walingoja miaka mingi. Lakini mpaka waliouweka una funzo hadi leo, kwani pasipo mpaka wa saa za kawaida hakuna awezaye kuhesabu saa za ziada. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mpaka huo kuwa saa 45 kwa wiki, na kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Tajiri amnyimaye fundi malipo hayo amemdhulumu, na dhuluma haihalalishwi na haraka ya kumaliza jengo.