Makaburi Yaliyowatetea Wanawake

Chuo niliacha kabla ya kumaliza, lakini historia haikuniacha. Siku hizi nawafuatilia Waetruski, watu waliotawala sehemu kubwa ya Italia ya kati kabla Roma haijawa Roma tunayoijua.

Waliandika, ila fasihi yao karibu yote imepotea. Kaisari Claudius alitunga historia yao katika vitabu 20, navyo havipo. Kwa hivyo stori zao nyingi tunazisikia kwa majirani, na majirani hawakuwa na huruma. Theopompus, Mgiriki wa karne ya 4 Kabla ya Kristo, alidai kwamba wanawake wa Kietruski hula karamu na wanaume wasio waume wao, hulewa chakari, na hulea watoto bila kujua baba zao ni nani. Lugha hiyo unaijua. Bado inatumika mtaani.

Sasa tazama makaburi. Huko Roma, katika makumbusho ya Villa Giulia, kuna jeneza la udongo wa kufinyanga la mwaka 520 hivi Kabla ya Kristo, lililochimbuliwa Cerveteri mwaka 1881 likiwa vipande kama 400. Juu yake mke na mume wamejilaza kwenye kiti kimoja cha karamu, bega kwa bega, wanatabasamu. Mume amemkumbatia mkewe. 

Kwa Wagiriki, mke wa heshima hakuketi kwenye karamu za wanaume. Wanawake waliokuwepo kwa kawaida walikuwa wa kulipwa. Basi Mgiriki akimwona mke wa mtu mezani, keshamhukumu. Kwani alikuwa anaeleza Waetruski, ama kwao?

Hata majina yanasema. Roma, mabinti wote wa ukoo wa Julius waliitwa Julia. Mwanamke wa Kietruski alikuwa na jina lake mwenyewe, na maandishi ya makaburini mara nyingi humtaja mama wa marehemu pamoja na baba.

Jeneza la Seianti Hanunia Tlesnasa, lililopatikana karibu na Chiusi mwaka 1886 na sasa liko British Museum, lina jina lake wazi. Sanamu yake imeshika kioo, inarekebisha shela, sura ya mwanamke kijana. Mifupa iliyokuwa ndani ni ya mwanamke wa miaka 50 na zaidi, aliyeumia nyonga. Filta haikuanza na simu! Ila alichagua, ama walimchagulia wapendwa wake, vile atakavyokumbukwa.

Sisemi kulikuwa na usawa. Haya ni makaburi ya wenye nacho. Kwenye kuta za makaburi ya Tarquinia, karibu na wanaokula karamu, kuna vijana wa kuwahudumia divai. Wamechorwa vizuri, wana mwendo, wana uhai. Majina yao kwa kawaida hayakuandikwa.